Mkenya ughaibuni: Jinsi ya kupata pasipoti mpya kabla ya mambo kuharibika

NA MWANDISHI WETU

PASIPOTI ya Mkenya anayeishi ng'ambo ina kazi nyingi kuliko ya yule anayesafiri kwa wiki mbili na kurejea nyumbani. Kwa msafiri wa muda mfupi, ni hati ya kuvukia mpaka. Kwa mkazi wa ughaibuni, ndicho kitambulisho chake kikuu: kibali chake cha ukaazi kinaitegemea, mwajiri ana nakala yake, benki ilimfungulia akaunti kwayo na chuo kilimsajili kwa nambari yake. Muda wake unapokwisha, hayo yote huanza kutikisika kwa pamoja, hata kama mwenyewe hana mpango wowote wa kupanda ndege.

Hata hivyo, wapo Wakenya ambao huikumbuka hati hii siku wanapopata habari za msiba nyumbani, au wanapoitwa na idara ya uhamiaji ya nchi wanamoishi ili kuhuisha vibali vyao. Wakati huo huwa wamechelewa. Makala haya yanaeleza utaratibu unaofuatwa, stakabadhi zinazohitajika, na hatua za kuchukua pasipoti inapopotea au kushikwa na mtu asiye na haki nayo.

Hupewi muda zaidi, hupewa kijitabu kipya

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba pasipoti ya Kenya haiongezewi muda kwa kupigwa muhuri. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10, na baada ya hapo mwenyewe hulazimika kuomba kijitabu kingine chenye nambari nyingine. Kile cha zamani hubatilishwa.

Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki za Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo Septemba 1, 2017. Hizi zina chipu inayohifadhi maelezo ya mwenyewe, ikiwemo picha yake. Serikali ilipanga kuondoa pasipoti za zamani katika muda wa miaka miwili, lakini makataa hayo yaliahirishwa mara kadhaa, sababu mojawapo ikiwa janga la Covid-19. Hatimaye siku ya mwisho ikawa Novemba 30, 2022. Kwa hivyo, Mkenya ambaye bado anashikilia kijitabu cha zamani kisicho na chipu hawezi kukitumia kusafiria, hata kama tarehe iliyochapishwa ndani haijafika.

Mabadiliko hayo yalileta jambo lililo muhimu kwa walio mbali na nyumbani. Alama za vidole na picha ya mwombaji huchukuliwa kwa mashine maalumu, naye sharti awe mbele ya afisa. Ubalozi hupokea ombi, huchukua alama na kukagua stakabadhi, lakini kijitabu chenyewe huchapishwa Nairobi na kusafirishwa hadi ubalozini. Ombi, kwa hiyo, hufanya safari mbili, na kuchelewa kokote jijini Nairobi humfikia mwombaji aliye Berlin au Riyadh.

Hayo si ya kubuni. Mwaka wa 2023 maombi yalirundikana katika jumba la Nyayo kwa sababu ya mashine za uchapishaji zilizoharibika na uhaba wa vijitabu, na wengi wakasubiri kwa miezi. Msongamano huo ulipunguzwa baadaye, lakini funzo lilibaki: asiyejiwekea akiba ya muda hana pa kukimbilia mitambo inapokwama.

Hesabu ya miezi

Pasipoti ya miaka 10 haina miaka 10 ya matumizi. Nchi nyingi humtaka msafiri awe na pasipoti ambayo bado ina miezi sita kabla ya kuisha. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hutaka iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ambayo mgeni anapanga kuondoka, na iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita. Mashirika ya ndege huyakagua haya kabla ya abiria kupanda, kwa kuwa ndiyo hubeba gharama ya kumrudisha anayekataliwa.

Chukua mfano wa pasipoti inayoisha mwishoni mwa Desemba. Kwa safari nyingi, hati hiyo imekwisha kazi mwishoni mwa Juni. Ikiwa mwombaji atangoja mwezi mmoja kupata nafasi ubalozini, na miezi mitatu kupata kijitabu, basi sharti aanze mnamo Februari. Akitaka akiba ya miezi miwili kwa ajili ya dharura, mwanzo wake ni Desemba ya mwaka uliotangulia. Kwa ufupi, pasipoti inapobakiza mwaka mmoja, wakati wa kuanza maandalizi umewadia.

Aidha, mtu atazame kurasa zilizobaki. Kijitabu kinachojaa mihuri hakifai hata kama kina miaka minne mbele yake, na njia ya kukibadilisha ni hiyo hiyo.

Stakabadhi za kuandaa

Ombi hujazwa katika tovuti ya serikali ya eCitizen. Mwombaji hufungua akaunti kwa kutumia nambari ya kitambulisho chake cha kitaifa, huchagua huduma za uhamiaji, hujaza fomu ya kubadilisha pasipoti, kisha huichapisha na kuipeleka ubalozini. Kwa mtu mzima anayebadilisha pasipoti iliyoisha au iliyojaa, stakabadhi za kawaida ni hizi:

- Fomu iliyojazwa na kutiwa saini;
- Pasipoti ya zamani pamoja na nakala ya ukurasa wenye picha na maelezo;
- Kitambulisho cha kitaifa na nakala yake;
- Picha za pasipoti zenye vipimo vilivyotajwa na ubalozi;
- Nakala ya kitambulisho cha mtu anayemfahamu mwombaji na aliyetia saini kumthibitisha;
- Kibali cha ukaazi au ithibati nyingine ya kuishi katika nchi hiyo;
- Risiti ya malipo.

Balozi hutofautiana katika mambo madogo. Moja hutaka nakala za cheti cha kuzaliwa, nyingine hutaka bahasha iliyolipiwa stempu ya kurudishia pasipoti. Orodha ya ubalozi unaohusika ndiyo ya kufuatwa, wala si ile iliyotumwa na rafiki anayeishi nchi nyingine.

Kikwazo kinachowakwamisha wengi ni kitambulisho. Kwa mtu aliyefikisha miaka 18, pasipoti husimama juu ya kitambulisho cha kitaifa. Kijana aliyeondoka nchini akiwa na miaka 12 kwa pasipoti ya mtoto hujikuta ughaibuni akiwa mtu mzima asiye na kitambulisho. Huyu sharti ashughulikie kitambulisho kwanza, ama anapozuru nyumbani, ama maafisa wa usajili wanapotumwa katika ubalozi ulio karibu naye. Wazazi wenye watoto wanaokaribia umri huo wapange likizo zao kwa kuzingatia jambo hili.

Majina nayo huleta matatizo. Pasipoti hufuata majina yaliyo katika kitambulisho. Mwanamke aliyeolewa na anayetaka kutumia jina la mumewe hupaswa kubadilisha kitambulisho kwanza kwa kutumia cheti cha ndoa, ndipo aombe pasipoti. Anayefanya kinyume chake ataambiwa aanze upya. Vilevile, azingatie kwamba vyeti vya shule, kibali cha kazi na tiketi vyote vitahitaji kulingana na jina hilo jipya.

Siku ya kufika ubalozini

Si kila ubalozi wa Kenya una mashine za kuchukua alama za vidole. Miongoni mwa miji iliyopata huduma hiyo mapema baada ya mwaka wa 2017 ni London, Washington, Berlin, Paris, Pretoria na Dubai. Baadaye vituo vingine viliongezwa. Kabla ya kununua tiketi ya gari moshi au ndege, ni vyema kuuliza kwa barua pepe au simu kama kituo hicho kinahudumia pasipoti, siku gani, na kama ni lazima kuweka miadi.

Kuna pia nchi zisizo na ubalozi wa Kenya. Wakenya wanaoishi Oslo au Helsinki, kwa mfano, huhudumiwa na ubalozi ulioko Stockholm. Kwa watu kama hao, huduma za kutembea ni nafuu kubwa. Balozi hutuma maafisa katika miji ya mbali kwa siku chache, hasa mwishoni mwa juma, kupokea maombi na kuchukua alama. Matangazo hutolewa katika tovuti za balozi na kupitia vyama vya Wakenya. Ni kwa sababu hii inafaa kujisajili na ubalozi mara tu mtu anapohamia nchi ngeni, hata kama hana shida yoyote siku hiyo.

Mwombaji aende na stakabadhi asilia pamoja na nakala. Asiache pasipoti yake ubalozini bila risiti. Kama kijitabu cha zamani kina viza ambayo bado ni halali, aombe arudishiwe baada ya kubatilishwa, bila ukurasa wa viza kuharibiwa.

Wengine huona afadhali kufanya shughuli hii wakiwa likizoni Kenya, katika ofisi za Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na kwingineko. Njia hiyo inafaa kwa mwenye likizo ndefu. Mwenye wiki tatu anacheza pata potea, kwa kuwa mwenye pasipoti hutarajiwa kuichukua mwenyewe, na pasipoti isipotoka kabla ya siku ya safari, kazi aliyoiacha ng'ambo imo hatarini.

Malipo na matapeli

Pasipoti ya kawaida hutolewa katika vijitabu vya kurasa 34, 50 na 66. Kadiri kurasa zinavyoongezeka ndivyo ada inavyopanda. Anayesafiri mara kwa mara kibiashara hufaidika na kijitabu kikubwa, ilhali mwanafunzi anayerudi nyumbani mara moja kwa mwaka hatazimaliza kurasa 34. Kubadilisha pasipoti iliyopotea au iliyoharibika hugharimu zaidi ya kubadilisha iliyoisha muda.

Ada za ng'ambo huwekwa kwa sarafu inayokubalika katika nchi husika, na hazilingani na zile za nyumbani. Hubadilika pia, kwa hiyo kiwango cha kuaminika ni kile kilichotangazwa na ubalozi wakati wa kuomba.

Mwombaji ajihadhari na mawakala wanaodai kwamba wana jamaa zao Nyayo na kuwa wataharakisha mambo kwa malipo ya pembeni. Hakuna wakala awezaye kutoa alama za vidole kwa niaba ya mtu. Anayempelekea mgeni picha ya kitambulisho, saini na nambari yake ya siri ya eCitizen amemkabidhi funguo za nyumba yake.

Waliochukua uraia wa nchi nyingine

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha hali ya maelfu ya Wakenya. Kifungu cha 16 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Kabla ya siku hiyo, mtu mzima aliyekula kiapo cha uraia wa Marekani au Uingereza alikoma kuwa Mkenya.

Tofauti hii ya tarehe ni muhimu. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine baada ya Katiba mpya angali raia wa Kenya, na anaweza kuomba pasipoti. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 inamtaka tu atangaze uraia huo wa pili katika muda wa miezi mitatu, na kutofanya hivyo ni kosa. Aliyeuchukua kabla ya Katiba hana njia ya mkato: sharti kwanza aombe kurejeshewa uraia wake chini ya Kifungu cha 14, apate cheti, ndipo aombe pasipoti. Akijaza fomu ya kubadilisha pasipoti ya miaka ya tisini kana kwamba hakuna kilichotokea, ombi litakwama na maswali yatafuata.

Je, mwenye uraia pacha anahitaji pasipoti ya Kenya? Kuanzia Januari 2024 wageni wengi wanaoingia Kenya hutakiwa kupata idhini ya kielektroniki ya kusafiri kabla ya kuondoka kwao. Anayeingia kwa pasipoti ya Kenya haihitaji. Kwa upande mwingine, Marekani huwataka raia wake kuingia nchini humo kwa pasipoti ya Marekani. Kwa hiyo wenye uraia pacha husafiri na hati zote mbili.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mama au baba aliye raia wa Kenya ni raia wa kuzaliwa chini ya Kifungu cha 14 cha Katiba. Hata hivyo, hawezi kupata pasipoti kabla ya kuzaliwa kwake kusajiliwa, jambo linaloanzia ubalozini kwa cheti cha kuzaliwa cha nchi alikozaliwa pamoja na stakabadhi za wazazi.

Ombi la mtoto huhitaji idhini ya wazazi. Wazazi waliotengana huona uzito wa sharti hili pale mmoja anapokataa kutia saini au asipojulikana aliko. Mzazi mwenye amri ya mahakama inayompa malezi aiambatanishe mapema. Mambo haya hayaamuliwi kwenye dirisha la ubalozi.

Inapopotea au kushikwa na mwajiri

Anayepoteza pasipoti aanze kwa polisi wa mji aliomo, apate ripoti ya maandishi, kisha aarifu ubalozi. Kutoa taarifa huwezesha hati hiyo kubatilishwa ili isitumiwe na mhalifu. Ombi lake litachunguzwa zaidi ya la kawaida, nalo huchukua muda mrefu. Nakala ya ukurasa wa maelezo, iliyohifadhiwa mbali na pasipoti yenyewe au kwenye barua pepe, huokoa siku nyingi.

Hali ya wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba inahitaji kutajwa peke yake. Wengi wao hupokonywa pasipoti na mwajiri au wakala siku wanapowasili. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, na mwajiri hana haki ya kuizuia. Sheria za Saudi Arabia na Qatar zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi pasipo ridhaa yake, na Milki za Kiarabu nazo zimepiga marufuku tabia hiyo.

Tatizo ni kwamba mfanyakazi asiyeiona pasipoti yake haijui tarehe yake ya kuisha. Nchini Saudi Arabia, kibali cha ukaazi hakihuishwi kwa pasipoti iliyokwisha muda. Hivyo mwanamke aliyetii kila amri ya mwajiri wake hujikuta mkaazi haramu kwa sababu ya hati iliyofungiwa kabatini mwa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka Kenya, mfanyakazi aandike nambari na tarehe ya kuisha ya pasipoti yake, aache nakala kwa jamaa, na ahakikishe kwamba muda uliobaki unapita ule wa mkataba. Pasipoti inayobakiza miezi 18 haitoshi kwa mkataba wa miaka miwili.

Akishakwama, yeye au jamaa zake waripoti kwa ubalozi na kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora jijini Nairobi, iliyoundwa mwaka wa 2022.

Hati ya dharura

Kwa aliyefiwa, anayeugua au anayerudishwa nyumbani bila pasipoti, ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria. Hati hii ni ya safari moja ya kurudi Kenya. Haimwezeshi mtu kurejea alikokuwa, na akifika nyumbani ataanza kuomba pasipoti kamili.

Isitoshe, hati ya dharura hutolewa na Kenya, ilhali ruhusa ya kutoka hutegemea nchi mwenyeji. Nchini Saudi Arabia, mfanyakazi wa nyumbani huhitaji pia viza ya kutoka. Aliyepitisha muda wa kibali chake anaweza kudaiwa faini kabla ya kuondoka. Kwa mwanafunzi mwenye kibali halali anayetaka kuzika mzazi na kurudi darasani, hati hii inaweza kumfungia nje ya masomo yake.

Baada ya kuipokea

Kazi haiishii kwenye kukabidhiwa kijitabu. Mwenyewe ahakiki majina, tarehe ya kuzaliwa na jinsia kabla ya kutoka ubalozini, kwa sababu kosa la herufi moja likigunduliwa uwanjani halina tiba ya haraka.

Kisha aarifu wanaotumia nambari ya zamani. Nchini Uingereza, ambako kadi za ukaazi zilichukuliwa nafasi na viza za kielektroniki kufikia mwisho wa 2024, mkazi hupaswa kuingiza pasipoti mpya katika akaunti yake ya uhamiaji, la sivyo shirika la ndege linaweza kukosa kuona haki yake ya kuingia. Kwa Marekani, viza halali iliyo katika pasipoti iliyoisha muda huendelea kutumika ikiwa msafiri atabeba vijitabu vyote viwili. Nchi za Ghuba hutaka nambari mpya ihamishiwe kwenye kumbukumbu za ukaazi. Mwajiri, chuo na benki nao waarifiwe.

Haki, si hisani

Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti ya Kenya, na haki hiyo haiwezi kunyimwa, kusimamishwa wala hati yenyewe kutwaliwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Mkenya hakomi kuwa raia kwa sababu pasipoti yake imekwisha muda. Asikubali kuambiwa vinginevyo na mwajiri, wakala au afisa wa nchi yoyote.

Lakini haki isiyo na hati mkononi haivuki mpaka, wala haipigi kura. Katika uchaguzi mkuu wa 2022, Wakenya walio katika nchi 12 nje ya Kenya walipata nafasi ya kumchagua rais, na pasipoti ndiyo iliyowawezesha kujiandikisha. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utampata mtoto si wako. Anayesoma haya akiwa ng'ambo afungue pasipoti yake leo, atazame tarehe iliyochapishwa, apunguze miezi sita, kisha ahesabu miezi iliyobaki.